Vigari Sita vya Perez

Kila Jumamosi alasiri, nikishateka maji na kufagia uwanja, nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu aliyenituma. Nilichukua kitambaa, nikakichovya kidogo tu katika mafuta ya taa, nikapiga magoti katika chumba cha kaka yangu Perez na kuanza kufuta reli. Tuliziita reli, ingawa hazikuwa za treni. Zilikuwa vipande vya barabara nyeusi ya plastiki. Ukiviunganisha vilifanya mzunguko uliojaa sakafu yote, kutoka kitandani hadi mlangoni. Mzunguko ulikuwa na njia mbili; katika kila njia palikuwa na mfereji mwembamba, na kando ya mfereji vililala vyuma viwili vya kupitisha umeme. Kigari cha ukubwa wa kipande cha sabuni kilishika mfereji ule kwa kijino kilichokuwa chini ya pua yake. Ulibonyeza kidude mkononi, nacho kikakimbia. Ukibonyeza kwa pupa, kiliruka kwenye kona na kwenda kugonga mguu wa kitanda.

"Jerusha, hiki si punda," Perez alizoea kuniambia. "Kona huombwa ruhusa."

Ulikuwa mwaka wa 1968, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia. Baba alikuwa amefariki zamani. Perez alikuwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Mshahara wake ndio uliokuwa karo yangu, chumvi ya Mama na tumbaku ya Kukhu Zilpa, nyanya yetu. Kilichobaki, kama kilibaki, kilikuwa cha vigari.

Mchezo wenyewe aliupata kwa Mzungu mmoja, mhandisi wa barabara, ambaye alirudi kwao baada ya Uhuru na kuuza vitu vyake barazani. Watu wenye akili zao waligombania viti na mablanketi. Kaka yangu alirudi nyumbani na sanduku la mchezo wa watoto, pamoja na kigari kimoja cha kijani kilichovunjika. Mama alilifunua sanduku, akatazama ndani.

"Perez, mwanangu," alisema. "Hata sufuria moja?"

Mundika haikuwa na umeme. Umeme wetu ulikuja kwa lori. Kariuki, dereva kutoka Nakuru aliyepeleka mizigo Kampala, alikuwa amempa Perez betri yake kuukuu. Ilipoisha nguvu, Perez aliibeba kwa baiskeli hadi Busia, Kariuki akaifunga kwenye lori lake, akaenda nayo Kampala na kuirudisha imejaa. Wiki ambazo Kariuki alicheleweshwa njiani, vigari vyetu vililala.

Tulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyotuokoa na tamaa. Hatukukusanya kila kigari. Tulikusanya vile tu vya magari ya kawaida, yenye paa na milango, ambayo kama yangekuwa makubwa yangeweza kupita Nambale mwezi wa Aprili, matope yakiwa ya magoti. Siku moja Kariuki alileta kigari chekundu cha mashindano, chembamba, magurudumu yake yakiwa nje kama miguu ya panzi. Kilikuwa kizima na kilikuwa kizuri ajabu. Nilikipenda mpaka nikalia.

Perez alikigeuzageuza. "Hiki kingekwama Nambale," alisema.

"Lakini ni kizuri!"

"Ni kizuri. Lakini mtaka yote hukosa yote. Tukinunua kila kizuri, mwisho wa mwaka tutakuwa na takataka nyingi nzuri."

Kariuki alicheka, akakirudisha Kampala na kukibadilisha kwa vigari viwili vibovu vyenye paa. Kutoka kwa hivyo viwili, tulitengeneza kimoja kinachokimbia. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Tulinunua kibovu, tukakitengeneza, na hatukugusa kingine kabla cha kwanza hakijakimbia. Magurudumu niliyakata mimi kutoka kwenye soli ya malapa yaliyochakaa. Brashi za chini, zile zinazogusa vyuma vya umeme, nilizisuka kwa nyuzi za shaba za waya mkuukuu, kwa sababu vidole vya Perez vilikuwa vinene. Miaka minne ilitupa vigari sita tu. Watu wengine wangeona ni vichache, lakini kila kimoja nilikijua kama ninavyojua kuku wa nyumbani.

Perez alivitengenezea sanduku la mbao lenye vyumba saba, ndani akatandika pamba ya shamba letu. Kila chumba alikiandika jina la mahali: Mundika, Nambale, Busia na mengine. Mundika kilikuwa kile cha kijani cha kwanza. Chumba cha saba kilikuwa kitupu, kimeandikwa kwa penseli: Malaba.

"Malaba kiko njiani," alisema. "Kariuki anakitafuta. Halafu basi, tutakuwa tumemaliza."

Mvua za mwaka ule zilianza mapema. Perez alitoka kazini kwa baiskeli, akafika nyumbani amelowa kila siku, na akaanza kukohoa. Alikohoa mwezi mzima. Mama alipouliza, alijibu kwamba ni vumbi la ofisini, kana kwamba kuna vumbi katikati ya masika. Jumamosi moja tulipokuwa kwenye reli, alikohoa kwa nguvu, akajifuta kwa leso, na leso ikawa na doa jekundu. Aliikunja haraka, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Usimwambie Mama," alisema. "Atalia bure. Na huko kazini wakisikia nina kifua watamchukua mtu mwingine. Nitakwenda kwa daktari mwisho wa mwezi. Umesikia, Jerusha? Hii ni siri yetu."

Nilifurahi kupewa siri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilijiona mkubwa, nikafunga mdomo. Mwisho wa mwezi ulipofika hakwenda, kwa kuwa karo yangu ilikuwa haijalipwa. Wiki ya pili ya mwezi uliofuata alianguka kutoka kwenye baiskeli karibu na daraja. Walimpeleka hospitalini kwa machela. Daktari alimwambia Mama kwamba mapafu yalikuwa yameharibika muda mrefu, na kwamba angeletwa mapema, pengine wangemsaidia. Siku ya tatu kaka yangu alifariki.

Sitaeleza mazishi. Aliyewahi kuzika ndugu anayajua.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, jamaa hunyolewa nywele, kisha vitu vya marehemu hutolewa nje na kugawanywa mbele ya watu wote. Kitu cha marehemu hakifichwi. Kikifichwa, wazee husema, msiba umebaki nyumbani. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba vigari vingekwenda kwa binamu zangu wavulana, kimoja huku na kimoja kule, na kwamba mimi, kwa kuwa ni msichana, ningepewa labda kikombe. Basi asubuhi ya siku ya kunyoa, watu walipokuwa wakinywa uji, niliingia katika chumba cha Perez, nikafungua sanduku na kukitoa Mundika. Nilikizika ndani ya chungu cha ufuta jikoni kwa Kukhu. Niliiba. Sina neno lingine.

Saa sita vichwa vyetu vyote vilikuwa vimenyolewa. Baba mkubwa Mukhwana, kaka yake marehemu baba yetu, aliketi kwenye kiti mbele ya mkeka. Aligawa shati, akagawa koti, akagawa baiskeli. Mimi nilipewa kikombe cha bati. Kisha akafungua sanduku la vigari, akaviangalia kwa uso wa mtu asiyejua kama anaangalia kaburi au duka.

"Huyu mtoto alipenda vitu vidogo," alisema taratibu. Halafu akahesabu. "Vyumba saba. Vigari vitano. Mbona hivi viwili havina kitu?"

"Hicho cha mwisho hakikuwa kimenunuliwa," Mama alijibu. "Lakini hicho cha kwanza, Mundika, kilikuwepo. Nilikiona jana kwa macho yangu nikifuta vumbi."

Kariuki alikuwa ameketi nyuma, kofia mkononi. Alikuwa ametembea kutoka Busia alfajiri kuja kutupa pole, na alikuwa ameomba akae peke yake kidogo katika chumba cha rafiki yake. Mimi mwenyewe nilimsikia akilia humo.

Mukhwana aligeuka. "Ni nani aliingia kwa kile chumba leo? Si ni huyu dereva peke yake?"

"Mzee, niliingia," Kariuki alisema, akasimama. "Lakini sikuchukua kitu. Perez alikuwa kama ndugu yangu."

"Ndugu zake wote nawajua mimi," Mukhwana alisema. "Wewe sikujui."

Kariuki hakubishana. Alitia mikono mifukoni na kuigeuza nje, mmoja mmoja, polepole, mbele ya watu wote. Zilianguka funguo, nusu ya sigara na leso yenye alama za grisi. Aliokota funguo, akainamisha kichwa kwa Mama, akaondoka. Mama alimwita. Hakugeuka.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe changu cha bati, kichwa kikichomwa na jua. Nilisema moyoni kwamba nitasema sasa hivi. Nikasema tena nitasema sasa hivi. Kariuki akapinda kwenye njia ya barabarani, nami sijasema neno.

Vigari vitano viligawanywa; sanduku na reli vikaachiwa Mama. Wekesa, mtoto wa mwisho wa Mukhwana, mwenye miaka tisa, hakupata, kwa kuwa kilichokuwa chake ndicho kilichopotea. Alilia kimya kimya akijifuta kwa mkono. Watu walipotawanyika niliiona leso ya Kariuki bado iko chini mavumbini. Niliiokota. Nikaikumbuka leso nyingine, ile yenye doa jekundu, na jinsi nilivyofunga mdomo siku ile. Miguu ilinipeleka jikoni kabla akili haijakubali.

Kukhu Zilpa alikuwa akichochea moto. Nilitia mkono katika chungu cha ufuta mpaka kwenye kiwiko, nikakitoa Mundika na kukiweka mapajani mwake. Punje za ufuta zilimwagika kutoka kwenye madirisha ya kigari. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimwambia habari ya kigari. Nilimwambia habari ya Kariuki. Kisha nikamwambia habari ya leso ya Perez, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani.

"Ni mimi niliyemuua, Kukhu," nilisema. "Nilijua, nikanyamaza."

Kukhu aliweka chini kijiti cha kuchochea moto. Alinivuta, akanishika kichwa changu kilichonyolewa kwa mikono yake miwili.

"Sikiliza," alisema. "Hukumuua. Yeye alikuwa mtu mzima, akakupa wewe mtoto mzigo wa mtu mzima. Nilimpenda, lakini hapo alikosea. Hilo weka chini, mjukuu wangu. Lakini la huyu dereva ni lako. Hilo utalibeba mwenyewe mpaka Busia, na mimi nitatembea nyuma yako."

Tuliondoka palepale. Kukhu alitembea na fimbo yake, nyuma yangu. Pale mpakani malori yalikuwa yamepanga mstari yakingoja karatasi zao. Tulimkuta Kariuki ameketi kwenye ngazi ya lori lake, chai imepoa mbele yake. Aliponiona na kile kigari cha kijani mkononi, alielewa kabla sijafungua mdomo. Hata hivyo nilisema yote, kwa sauti, mbele ya utingo wake na madereva wengine, maana yeye alikuwa amegeuza mifuko mbele ya watu.

"Ni mimi niliyekichukua. Nilikuona ukisingiziwa, nikanyamaza. Nisamehe."

Alikipokea kigari. Alipuliza magurudumu, punje za ufuta zikaruka.

"Umeniumiza, mtoto," alisema. "Sitadanganya. Mimi hupita barabara hii kila wiki. Jina langu ndilo linanipa kazi hapa. Lakini umekuja mwenyewe, kwa miguu. Watu wakubwa wengi hawawezi hiyo."

Kisha akapanda ndani ya lori, akatafuta chini ya kiti, akarudi na kifurushi cha gazeti. Ndani yake palikuwa na kigari cheupe chenye paa na milango minne. Taa moja ilikuwa imevunjika.

"Malaba," alisema. "Nilikipata Kampala wiki ile alianguka. Nilitaka kukiweka kwa lile sanduku leo. Nikasema nitangoja wazee wamalize, nikirudi safari nyingine nitakileta. Sasa fikiria, Jerusha, kama ningekuwa nacho kwa mfuko."

Nilifikiria. Hata sasa nikifikiria, nauona uwanja mzima ukimwita mwizi.

Kariuki alirudi nasi Mundika jioni hiyo hiyo, kwa kuwa Kukhu alikataa katakata aondoke Busia na jina chafu. Mbele ya Mukhwana na jamaa waliobaki nilirudia maneno yangu mara ya tatu. Mukhwana alisimama, akamwendea Kariuki, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwomba radhi mbele ya wote. Kisha akanigeukia mimi. Nilingoja kofi.

"Kwa nini hukusema kwamba unakitaka?" aliuliza.

"Nilidhani wasichana hawapewi."

"Hukuuliza. Mama yako sasa ndiyo ananiambia eti magurudumu ya hivi vitu vyote ni wewe ulikata. Mimi ningejuaje? Ungesema pale mkekani, tungesikia. Sasa Mundika ni cha Wekesa, nilishaamua hivyo moyoni na sirudi nyuma. Lakini hiki cheupe hakikuwa cha marehemu bado. Mwenye kukileta ampe anayetaka."

Kariuki alikiweka Malaba mkononi mwangu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikilaza katika chumba cha saba, juu ya pamba, peke yake, na vyumba sita kando yake vikawa vitupu.

Kukhu Zilpa ndiye aliyesema neno la mwisho siku ile, naye hakulisema kwa ukali.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyumba hii imeshazika mtu mmoja kwa kuficha, na leo ilikaribia kumzika mwingine akiwa hai, kwa kumwua jina. Uchungu ukifichwa hauponi. Makosa yakifichwa huangukia mtu asiye na kosa. Kuanzia leo, mwenye kuumwa aseme, mwenye kutaka aseme, na mwenye kukosa aseme. Tutalia pamoja, lakini tutajua tunachokililia."

Ilikubaliwa pia kwamba kila Krismasi binamu wote walete vigari vyao, navyo vikimbie pamoja kwenye reli za Perez. Kariuki aliahidi betri, na hakuwahi kukosa.

Krismasi ya kwanza ilikuwa ngumu. Vigari vyote saba vilikuwepo sakafuni. Sheria ya Nambale haikuvunjwa, na mkusanyaji mwenyewe ndiye hakuwepo. Mama alikaa kidogo mlangoni, kisha akaondoka akijifunika uso kwa kanga. Niliweka Malaba kwenye njia moja. Wekesa aliweka Mundika kwenye njia ya pili, ile ya kushoto, ambayo ilikuwa ya Perez siku zote. Tulibonyeza. Vilizunguka mara mbili, mara tatu, vikiomba ruhusa kila kona.

Wekesa akakohoa. Alikohoa kwa muda, ameinama, kisha akajifuta mdomo na kunitazama kwa wasiwasi.

"Kifua kinaniuma tangu juzi," alinong'ona. "Usimwambie Mama, dada. Atanitoa kwa mchezo."

Niliachia kidude. Malaba kilisimama katikati ya njia, na Mundika kikaendelea peke yake mpaka kikaruka kwenye kona na kugonga mguu wa kitanda. Nilimshika Wekesa mkono, nikamwinua, nikatoka naye nje kwenda kumtafuta mama yake.